Kiinua mgongo cha Shangazi: hatifungani, hisa au kikoba?

Wanaozungumza ni watatu. Shangazi ni muuguzi mstaafu wa miaka 60. Baada ya kuezeka nyumba, amebakiwa na shilingi milioni 30 za mafao ya mkupuo. Mpwa wake ana miaka 27, ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Tanga, mshahara wake wa kawaida lakini simu imejaa bei za soko la hisa. Jirani ni mwenyekiti wa kikoba, muuza vitenge, na hakuna habari ya fedha inayopita mbele ya kibaraza chake asiisimamishe. Nimewabuni wote watatu. Hoja zao sikuzibuni, nazisikia kila ninapokaa na watu wenye hela kidogo na hofu nyingi. Mahali ni Ngamiani, kule ambako barabara zina namba badala ya majina, jioni, kahawa imeshamiminwa.

MPWA: Shikamoo Shangazi. Shikamoo mama.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Kaa hapa. Zile hela zimelala benki tangu nilipomaliza paa, na kila anayezisikia anakuja na lake. Huyu bodaboda, yule kuku wa mayai. Mimi nimekula zamu za usiku maisha yangu yote ya kazi. Sitaki tena kitu cha kuamkia usiku.

MPWA: Basi hatifungani na hisa. Hazili pumba.

JIRANI: Wala huzioni.

SHANGAZI: Shoga, mwache aseme. Benki walinitajia hatifungani ya serikali ya miaka 25. Nikacheka mbele yao. Ikiiva nitakuwa na 85!

MPWA: Si lazima uanzie na hiyo. Serikali inakopa kwa wananchi, na Benki Kuu ndiyo inayoendesha mnada, siku ya Jumatano. Zipo za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na hiyo 25. Ukiwa na milioni 1 unaingia, juu ya hapo unaongeza kwa laki moja moja. Huendi Benki Kuu mwenyewe; unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa, wanakufungulia akaunti, unajaza fomu, unataja bei yako. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na kwa hati za miaka 5 na zaidi haikatwi kodi. Muda ukiisha mtaji unarudi.

JIRANI: Ataje bei vipi? Milioni si milioni?

MPWA: Bei inatajwa kwa kila shilingi 100, mama. Akitaja 96 na wakamkubalia, hati ya milioni 10 ameipata kwa milioni 9 na laki 6. Lakini riba inapigwa kwenye milioni 10 kamili, na siku ikiiva anapewa milioni 10 kamili. Akitaja bei ya chini mno, zabuni inakataliwa, anabaki na hela yake.

SHANGAZI: Na riba yenyewe ni ngapi?

MPWA: Inategemea hati imetolewa lini. Ile ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na asilimia 15.95. Kwa milioni 10 hiyo ni 1,595,000 kwa mwaka, yaani 797,500 kila miezi sita. Mwaka 2022 zilizotolewa upya zikashushwa hadi 12.56. Milioni 10 hizo hizo zikawa zinaleta 628,000 kila miezi sita.

SHANGAZI: Hata hiyo ya chini inaishinda akaunti yangu ya akiba.

Inaishinda kwa mbali. Mfumuko wa bei nchini umekaa miaka kadhaa sasa kwenye asilimia 3 na kidogo, kwa hiyo mwenye asilimia 12 anabaki na faida ya kweli, hata sukari ikipanda. Lakini hebu tusiruke hayo mabadiliko ya 2022, kwa sababu maelezo ya kaunta huishia hapo hapo yalipotakiwa kuanza. Hati ya zamani ya 15.95 haikubadilika riba yake pale hati mpya ziliposhushwa. Riba ya hati husika ni ile ile hadi mwisho. Kilichobadilika ni bei yake. Kila mtu aliitamani kuliko ile mpya ya 12.56, na mwenye nayo akaweza kuiuza kwa zaidi ya alichotoa. Sasa geuza upande wa pili. Riba za mnadani zilipanda tena baadaye, na aliyekuwa ameshika ya 12.56 akataka kuuza katikati ya safari, alilazimika kupunguza bei ndipo apate wa kumpokea. Wanaosema dhamana za serikali hazina hatari wanamzungumzia mtu atakayekaa nayo mpaka iive. Wewe je, utakaa?

SHANGAZI: Na naweza kupata hasara kwenye kitu cha serikali?

MPWA: Ukiuza kabla ya wakati, inawezekana. Lakini pia si lazima uuze. Unaweza kuiweka benki iwe dhamana ya mkopo.

JIRANI: Hela yake mwenyewe, aikopee!

MPWA: Ndiyo maana mimi nasema hisa. Hisa haina tarehe ya kuiva. Unakuwa mwenye kampuni. CRDB waliuzia umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kwa hisa. Mwisho wa 2024 hisa hiyo ilikuwa juu ya 600. Na gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 65 kwa kila hisa. Fikiria, umetoa 150 halafu unapewa 65 kwa mwaka mmoja, kodi yake ni asilimia 5 tu. NMB waliuza kwa 600 mwaka 2008, imepita 5,000.

SHANGAZI: Na katikati?

MPWA: Katikati kulikuwa na gawio pia.

SHANGAZI: Bei, baba. Katikati bei ilikuwaje?

MPWA: CRDB ilishuka. Mwaka 2019 ilikuwa chini ya ile 150 ya mwanzo.

SHANGAZI: Miaka kumi baadaye.

MPWA: Ndiyo.

SHANGAZI: Wewe ukisubiri miaka kumi utakuwa na 37, unatafuta mke wa pili. Mimi nitakuwa na 70, na magoti haya.

JIRANI: Na katuchagulia zilizopanda. Vodacom je?

MPWA: Vodacom waliuza kwa 850 mwaka 2017. Ikashuka chini ya hapo, ikakaa huko miaka.

Nampa kijana haki yake: hakudanganya. Ila alianza na walioshinda, kama wafanyavyo wote wanaohubiri hisa. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zao kwa umma, Vodacom ikatangulia, na matangazo yalifika mpaka vijijini. Wengi walionunua walikuwa wageni kabisa sokoni, wakidhani hisa ya kampuni kubwa haiwezi kushuka kwa kuwa minara yake wanaiona kila kilima. Ukubwa wa kampuni na bei ya hisa yake ni vitu viwili. Kampuni nzuri ukiinunua ghali, utaishi na hisa hiyo miaka mingi ukingoja faida iifikie bei uliyolipa.

Kuna gharama nyingine ambayo Mpwa hakuitaja. Dalali, soko na mamlaka wanakata sehemu zao unaponunua na wanakata tena unapouza. Jumla yake ni karibu asilimia 2 kila upande. Kwa milioni 1 unaacha mlangoni kama elfu 20 ukiingia na nyingine kama hizo ukitoka. Anayenunua Januari akauza Juni kwa sababu bei haijasogea amejitoza asilimia 4, na kwenye kampuni nyingi hilo ni gawio la mwaka mzima.

JIRANI: Sasa niacheni na mimi niseme, maana mnaongea kama barabara nzima hii haina Mwislamu. Hatifungani ni riba. Mmeitaja wenyewe kwa jina, mara mbili kwa mwaka. Hapo nimeshatoka.

MPWA: Hisa ni ushirika mama, si riba. Faida na hasara mnagawana.

JIRANI: Najua ushirika. Nitajie hizo kampuni.

MPWA: CRDB, NMB...

JIRANI: Benki. Wanakula riba kuliko serikali.

MPWA: TBL.

JIRANI: Bia.

MPWA: TCC.

JIRANI: Sigara. Endelea.

MPWA: Twiga Cement. Tanga Cement, hiyo Simba yetu ya hapa Pongwe. Vodacom. Swissport. TOL wa gesi.

JIRANI: Simenti, simu, mizigo ya uwanja wa ndege na gesi. Soko lote la Dar es Salaam, mimi ninaingia kwa mlango wa nyuma.

MPWA: Kuna sukuk. KCB Tanzania walitoa yao mwaka 2022, wakaiita Fursa Sukuk, na Serikali ya Mapinduzi Zanzibar wakatoa ya kwao 2025. Hiyo ni dhamana ya Kiislamu, unapata sehemu ya faida ya mali au mradi, si riba ya mkopo.

JIRANI: Hiyo nitamuuliza sheikh, na nitamuuliza akiwa amekaa, si akitoka msikitini mbio.

Pwani hili si swali la pembeni, na sijui kwa nini semina za uwekezaji hulipitia kwa dakika mbili mwishoni. Muumini akitoa benki, pombe na tumbaku, anabaki na kampuni chache, nyingine hazibadilishani mikono kwa wiki nzima. Sukuk zipo ila hazitolewi kila mwezi kama minada ya Benki Kuu; aliyekosa wakati wa mauzo anangoja mtu auze. Mtu wa namna hiyo akisema kikoba kinamtosha, hajakosa elimu ya fedha. Amelikagua soko akaona lilivyo dogo kwake.

SHANGAZI: Nasikia hisa nyingine hazibadilishani mikono. Maana yake nini, baba? Nikitaka kuuza Jumanne, siuzi?

MPWA: Unaweka oda. Dalali anaiingiza, inakaa kwenye ubao. Siku hizi unaweza hata kwa simu yako, kuna programu ya soko inaitwa Hisa Kiganjani. Akitokea anayenunua kwa bei yako, imekwisha.

SHANGAZI: Asipotokea?

MPWA: Unangoja. Au unashusha bei.

JIRANI: Chukulia una mgonjwa wa kumpeleka Dar es Salaam, halafu oda inangoja.

Kwa anayeanza hapa kwetu, mimi naliweka swali hili mbele ya mengine yote. Nani atakununulia siku unayotaka kutoka? Vitabu vingi vya uwekezaji vimeandikiwa watu wa New York na London, ambako hisa inauzwa kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Huko ushauri wa kuangalia faida kwanza una maana. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, na mpaka leo kampuni zake ni chache na nyingi zimeshikwa na wenye hisa wakubwa ambao hawauzi. Fungua ubao wa siku ya kawaida utazame: hisa za benki mbili kubwa zina wanunuzi na wauzaji wamejipanga, ukishuka chini unakuta kampuni yenye oda za kuuza tupu, upande wa kununua hakuna hata mtu mmoja. Bei inayosomwa kwenye taarifa ya habari kwa kampuni hiyo ni ya mara ya mwisho ilipouzwa, na huenda ni zamani. Ni bei ya kutazama. Hatifungani nazo zina soko lake, lina fedha nyingi, ila linachezwa zaidi na mabenki na mifuko ya pensheni, na mwenye milioni 3 hupokea bei anayopewa.

Kwa hiyo ninapoulizwa nianze na nini, mimi huuliza tarehe. Lini utaihitaji? Ukinijibu sijui, basi na mimi sijui.

SHANGAZI: Tarehe ninazo. Ada ya mjukuu Januari. Jicho hili nitafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katikati ya mwaka. Pensheni ya kila mwezi inalisha nyumba, ila haitoshi ikitokea dharura.

MPWA: Basi hizo za karibu weka UTT. Mfuko wao wa Ukwasi upo tangu 2013. Unanunua vipande, wao wanakusanya hela za watu wengi wanaweka kwenye dhamana na amana za benki, thamani ya kipande inatangazwa. Ukitaka hela yako unawauzia wao wenyewe vile vipande, ndani ya siku chache za kazi imeingia. Hutafuti mnunuzi.

SHANGAZI: Hilo ndilo ungeanza nalo.

MPWA: Faida yake ni ndogo kuliko hatifungani ya miaka 20, Shangazi.

SHANGAZI: Jicho halijui asilimia.

JIRANI: Na kikoba? Kwetu kila wiki mtu anaweka, mwanachama akikwama anakopeshwa siku hiyo hiyo, mwisho wa mwaka tunavunja tunagawana. Hakuna ubao wala dalali.

SHANGAZI: Na aliyehamia Muheza na mkopo wa watu?

JIRANI: Tulimfuata.

SHANGAZI: Mlimpata?

JIRANI: Tulimpata. Hela hatukuipata.

MPWA: Mimi kuna watu wameniingiza kwenye kundi la simu, wanasema wanafanya biashara ya fedha za kigeni, asilimia 30 kwa mwezi...

JIRANI: Wewe ulikuwa mdogo wakati wa ule upatu wa DECI. Mama yako alipanda mbegu, muulize alivuna nini serikali ilipoisimamisha 2009.

Hili halihitaji mjadala. Dalali wa hisa na msimamizi wa mfuko hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na majina yao hutangazwa. Asiyekuwemo humo, hata akivaa suti ya namna gani, mtu asimpe hata nauli.

MPWA: Nimetoka kwenye kundi. Sasa Shangazi, tugawe. Milioni 6 UTT kwa ada, jicho na dharura. Milioni 24 zilizobaki, nusu hatifungani ya miaka 25, nusu hisa za benki.

SHANGAZI: Hapana. Kwanza hiyo 25 niondolee.

MPWA: Lakini ndiyo yenye riba kubwa, na hata usipokuwepo warithi wataendelea kupokea.

SHANGAZI: Warithi wangu ni watano na wawili hawasalimiani. Nikiwaachia karatasi ya miaka 25 nimewaachia kesi ya mirathi ya miaka 25. Nipe ya miaka 5 na ya miaka 10. Za 5 zikiiva nitaangalia tena nikiwa na akili yangu.

Hapa niko upande wake moja kwa moja. Tofauti ya riba kati ya hati ya miaka 10 na ya 25 huwa ni pointi chache, na kwa mtu wa miaka 60 pointi hizo hazilipi kungoja huko. Kwa Mpwa hesabu ni nyingine. Ana mshahara, ana miaka 33 mpaka kustaafu, na anaweza kuacha riba ya kila miezi sita inunue hati nyingine hadi mtaji ujizidishe. Tangazo la Benki Kuu ni lile lile, lakini yeye na shangazi yake wana sababu ya kulisoma tofauti.

MPWA: Kuna na ile ya Tanga UWASA. Mamlaka ya maji ilitoa hatifungani yake 2024, miaka 10, asilimia 13.5, hela ya kupanua mradi wa maji hapa hapa mjini.

SHANGAZI: Hiyo nitalipwa na nani, serikali?

MPWA: Na mamlaka yenyewe, kwa mapato ya ankara za maji.

JIRANI: Yaani mimi nikilipa maji, shoga anapata riba. Na mimi riba siili!

SHANGAZI: Ndiyo ulipe kwa wakati. Ila ile ilishauzwa, siyo? Mpaka mtu aiuze.

MPWA: Mpaka mtu aiuze.

SHANGAZI: Akitokea, niambie bei kwanza. Haya, andika. Sita UTT. Ishirini hatifungani za serikali, kumi za miaka 5, kumi za miaka 10, na tusizinunue zote mnada mmoja, maana umesema mwenyewe riba inabadilika.

MPWA: Zimebaki nne.

SHANGAZI: Mbili zikae benki pale pale, zisiguswe na mtu, ukiwemo wewe. Mbili hisa.

MPWA: Mbili tu?

SHANGAZI: Mbili. Benki moja na simenti moja, jirani yangu asinione mla riba mtupu. Hizo nikizipoteza nitalala. Na akaunti ifunguliwe kwa jina langu na namba yangu ya NIDA, si yako. Gawio liingie kwangu.

MPWA: Nilikuwa nataka kukurahisishia tu.

JIRANI: Kila aliyekula hela ya mtu mzima alianza kwa kumrahisishia.

MPWA: Mama!

SHANGAZI: Hakukutukana, baba, kakuonya. Jumatatu niletee fomu za dalali nizisome mwenyewe, na miwani ninayo. Lete mbili. Ya pili ujaze ya kwako, kwa mshahara wako, hata kama ni elfu 50 kwa mwezi. Usijifunzie soko kwa mafao yangu.